Gitaa moja la kuzeekea nalo: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Hapa Tanga hazipiti wiki nyingi bila mtu kuniuliza anunue gitaa gani lisilo la umeme, lile ambalo wazee wa dansi waliliita galatoni. Na wengi hawataki kubadilisha badilisha. Wanataka moja tu, la kuzeekea nalo. Mimi hufurahi kusikia hivyo, kwa sababu mji uliotoa bendi za dansi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz unastahili kuwa na magitaa ndani ya nyumba zake. Tatizo ni kwamba mtu anafika dukani akiwa ameshajazwa maneno, na baadhi ya maneno hayo yatamla pesa.

"Sauti ya gitaa iko mgongoni." Hili nalisikia kuliko yote, na huku kwetu linakuja na mpingo: mti ni wetu, unatengeneza klarineti za dunia nzima, basi gitaa lenye mgongo wa mpingo ndilo la mwisho. Mpingo ni mti wa kujivunia, sibishi. Lakini kinacholia hasa ni ubao wa mbele, ule wenye tundu, maana ndio nyuzi zinaoutikisa kupitia daraja, kile kipande cha mti kilichobandikwa juu yake kushikilia nyuzi. Antonio de Torres, fundi wa Uhispania, alilionyesha hili mwaka 1862 alipotengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu (kuta za pembeni) za karatasi zilizogundishwa, ubao wa mbele peke yake ukiwa wa mti mzuri. Gitaa hilo limehifadhiwa Barcelona. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lao: magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na mbavu, wapigaji 52, mwanga hafifu, miwani myeusi machoni wasiuone mti. Alama walizotoa zilikaribiana sana, mti wa bei na mti wa kawaida. Kwa hiyo ukiwa na pesa ya kuongeza, iongeze kwenye ubao wa mbele.

"Ubao mzima ndio wa maisha, plaiwudi ni takataka." Nusu ya maneno haya ni kweli. Ubao mzima wa mbele, wa sprusi au mwerezi, hulia kwa uhuru kuliko tabaka zilizogundishwa, na mimi singenunua gitaa la maisha lisilo nao. Ila ubao mzima unapumua. Watengenezaji wengi hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na sisi tunaoishi kando ya bahari mara nyingi tunapita 70. Masika ubao unakunywa unyevu, unavimba na kuinuka nyuma ya daraja, nyuzi zinapanda, na vidole vinaanza kuuma bila wewe kujua kwa nini. Lichukue gitaa hilohilo ulipeleke Dodoma wakati wa kiangazi: linakauka, linasinyaa, na ubao unaweza kupasuka kufuata mistari ya mti. Plaiwudi haipasuki kirahisi hivyo kwa kuwa tabaka zake zimepishana.

Ndiyo maana mtu wa Tanga anayesafiri na gitaa lake, anayepiga Raskazone jioni na kesho yuko Lushoto kwenye baridi, namshauri ubao mzima mbele na plaiwudi mgongoni na mbavuni. Wala hajapunjwa. Kulitambua ni rahisi: mulika ukingo wa tundu kwa tochi ya simu. Mistari ya mti ikiendelea kutoka juu na kushuka ukingoni, ni ubao mzima. Ukiona tabaka kama za karatasi zilizobanwa, ni plaiwudi. Anayetaka ubao mzima kote, sawa, ila liishi ndani ya kasha gumu, siyo kuning'inia ukutani, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu avikaushe mara kwa mara. Vikishajaa maji havifanyi kazi yoyote.

"Nyuzi ni nyuzi." Hapana. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma inavuta kwa nguvu ya kama kilo 70, na za nailoni karibu nusu yake. Nilikuwa kijana nilipolivalisha gitaa langu la nailoni nyuzi za chuma, nikitaka lilie kwa nguvu. Baada ya siku chache niliona mwanga ukipita chini ya daraja. Daraja lilikuwa linang'oka pamoja na vipande vya ubao. Amua kwanza unataka mlio upi, kisha nunua gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi hizo.

"Nyuzi zikiwa juu, kaza chuma cha shingoni." Hapa ndipo watu wanaponunulia hasara ya miaka. Chuma kilichomo ndani ya shingo kinarekebisha mpindo wa shingo tu. Hakigusi pembe ambayo shingo imeingia nayo kwenye boksi, na pembe hiyo ndiyo inayosogea kadiri nyuzi zinavyovuta mwaka baada ya mwaka. Ikishasogea sana, dawa ni kuing'oa shingo na kuirudisha upya, na hiyo ni kazi ya fundi hasa.

Kuna mdogo wangu mmoja wa Makorora aliniletea gitaa la mtumba alilotaka kununua, linang'aa kama kioo.

"Kaka, hili nalo lina kasoro?"

Tulilaza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo, ielekee kwenye daraja. Kwenye gitaa lisilo na kasoro, rula hufika na kugusa usawa wa juu wa mti wa daraja. Hii iligonga ubavuni mwa daraja, chini kabisa. Halafu nikamwonyesha kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi: kilikuwa kimesagwa mpaka kinakaribia kulingana na mti, na bado uzi mnene ulikuwa milimita nne juu ya freti ya 12, wakati milimita mbili na nusu zinatosha. Maana yake aliyekuwa nalo alishatumia nafasi yote ya kushusha nyuzi. Dogo alilirudisha siku ileile.

Kwa sababu hiyo, katika mji wenye mafundi wachache wa gitaa, napenda shingo iliyofungwa kwa boliti kuliko iliyogundishwa. Inafunguka na kurudishwa bila mvuke wala patasi.

"Freti zikilika, gitaa limekwisha." Zinang'olewa, zinawekwa mpya. Basi.

"Kubwa ndilo lenye sauti." Yale makubwa yanayoitwa dreadnought yalianza kutengenezwa Marekani mwaka 1916, yakapewa jina la manowari ya Uingereza, na kweli besi yanayo. Lakini bega linaloinuliwa juu ya boksi pana litachoka, na ukishachoka utaliacha gitaa ndani ya kasha. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, lipakate nusu saa nzima, upige wimbo mmoja unaoujua vizuri. Bega likianza kulalamika kabla ya dakika ya 20, mwombe muuzaji akushushie dogo kidogo.