Je, wajua kwa nini Australia iliomba radhi mwaka 2008 bila kulipa fidia?

Wengi huamini kwamba serikali ikishaomba radhi rasmi, waliodhulumiwa hupata hapo hapo haki ya kulipwa. Australia haikuwa hivyo. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwasilisha bungeni hoja ya kuwaomba radhi Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo, hasa Vizazi Vilivyoibwa, yaani watoto wao waliochukuliwa na mamlaka za serikali kutoka kwa wazazi wao. Hoja hiyo ilipitishwa, lakini hoja ya bunge si sheria, na hiyo haikuanzisha mfuko wowote wa malipo.

Wapo pia wanaodhani kwamba radhi ni ungamo ambalo mtu angeweza kulipeleka mahakamani akashinda. Ugumu ni kwamba uchukuaji mwingi wa watoto ulifanyika kwa mujibu wa sheria. Katika jimbo la New South Wales, marekebisho ya mwaka 1915 yaliiruhusu bodi ya serikali kumchukua mtoto bila kuithibitishia mahakama kwamba ametelekezwa.

Tuchukulie ukoo uliojiwekea kanuni kwamba mume akifa, shamba huchukuliwa na ndugu zake. Mjane akishtaki mbele ya mwamuzi aliyefungwa na kanuni hiyo, ataambiwa kwamba hakuna aliyeivunja. Wanaoweza kutamka kwamba kanuni yenyewe ilikuwa dhuluma ni wazee wenye mamlaka ya kuitunga. Ndiyo maana Rudd aliomba radhi kwa ajili ya sheria na sera za mabunge na serikali zilizotangulia, jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote katika tamko lile.

Mahakama zilionyesha waziwazi tofauti kati ya kilichofanywa kwa mujibu wa sheria na kilichofanywa kinyume chake. Mwaka 1997, katika kesi ya Kruger, Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba sheria iliyotumika kuwachukua watoto katika eneo la Northern Territory ilikuwa halali. Mwaka 2007 Bruce Trevorrow, Mwaborijini aliyelishtaki jimbo la South Australia, alishinda na kupewa dola 525,000 za Australia, kwa sababu waliomchukua akiwa mtoto mdogo hawakuwa na mamlaka hayo kisheria.

Malipo ya jumla yalihitaji maamuzi mengine kabisa. Jimbo la Tasmania lilitunga sheria ya fidia mwaka 2006, kabla ya radhi ya taifa, ilhali serikali ya shirikisho ilitangaza mpango wake mwaka 2021, kwa waliochukuliwa katika maeneo iliyoyatawala yenyewe, wakati wengi wao walikuwa wameshafariki.