Uzito wa Mkono: Mpiga Piano wa Mapokeo ya Kirusi Anavyoandaliwa

Kibonyezo cha piano kubwa ya tamasha huzama takriban milimita 10, na gramu 50 hivi zinatosha kukizamisha polepole. Kazi yote ya mpiga piano imo ndani ya safari hiyo fupi. Nyundo inapobakiza kama milimita 2 kuufikia uzi, mtambo huiachia. Kuanzia hapo inakwenda yenyewe, na hata ukikandamiza kwa nguvu zako zote huwezi tena kuibadili sauti ya noti ile. Ulichokuwa nacho ni kasi tu uliyoipa nyundo kabla haijaachiwa.

Naanzia hapa kwa sababu mapokeo ya Kirusi yakitajwa, watu husifu nguvu na mbio za vidole. Hayo ni matunda. Mzizi wake ni kuitawala kasi ya nyundo kwa uzito wa mkono mzima, kuanzia begani, badala ya kukiachia kidole kigonge peke yake.

Zoezi la mwanzo ni hili. Kaa nusu ya mbele ya kiti, viwiko vikiwa usawa wa vibonyezo au juu yake kidogo, mabega yameshuka. Inua mkono, uache utue kwenye noti moja kwa kidole cha tatu. Ukishafika chini, legeza kila kitu isipokuwa kile kiasi kidogo kinachozuia kibonyezo kisipande. Wengi hushindwa hapa: noti imeshalia, lakini mkono bado unasukuma kana kwamba kuna kitu cha kuongeza. Zoezi likikaa sawa, hamisha uzito kutoka kidole hadi kidole kama mtu anavyohamisha mwili anapotembea. Mguu mmoja haunyanyuki mpaka mwingine umepokea.

Makosa yanajulikana. Ukiangusha mkono upya kwenye kila noti, wimbo hukatikakatika na kila noti husikika kama nukta. Ukikikaza kifundo cha mkono, uzito huishia hapo hapo na sauti huwa kavu. Kiungo cha ncha ya kidole kikibonyea kwa ndani, misuli ya chini ya kiwiko hulazimika kufidia, na baada ya dakika chache huanza kuuma. Maumivu hayo usiyavumilie. Simamisha kipande, kirudie kwa nusu ya mwendo, utafute ni kiungo kipi kimekaza.

Noti nyingi zikipigwa pamoja, ugumu ni mwingine: wimbo mara nyingi uko juu, kwenye kidole kidogo, ambacho ni dhaifu. Piga noti nne, ile ya juu kwa sauti kubwa na tatu zilizobaki kwa sauti ndogo. Zikikushinda, piga ya juu peke yake, na zile nyingine ziguse tu bila kuzilizisha, kisha ziongeze kidogo kidogo. Kinachoitwa rangi ya sauti ya Kirusi, kwa maoni yangu, sehemu kubwa ni mizani hii kati ya noti, pamoja na pedali ya kulia, ile inayoziacha nyuzi ziendelee kulia, inayobadilishwa baada tu ya noti mpya kulia, si kabla. Na niseme wazi kwa wanaojifunzia kwenye kinanda cha umeme cha vibonyezo 61 vyepesi: hapo uzito haufundishiki. Tafuta chenye vibonyezo 88 na mtambo wa nyundo.

Mfumo unaozaa wapiga piano hawa ni wa zamani. Mpiga piano Anton Rubinstein alifungua konsavatori, yaani chuo cha juu cha muziki, ya St. Petersburg mwaka 1862, na ndugu yake Nikolai akafungua ya Moscow mwaka 1866. Ngazi za kawaida za enzi ya Kisovieti zilikuwa miaka 7 ya shule ya muziki ya watoto, miaka 4 ya chuo cha kati, na miaka 5 ya konsavatori. Mitihani hutaka tungo za aina tofauti kwa pamoja: fyugi ya Bach (sauti kadhaa zinazofuatana zikiigana), sonata (tungo ya sehemu kadhaa), etyudi (tungo ya kunoa ufundi), na tungo kubwa ya karne ya 19 au 20. Zote hupigwa kwa kichwa, bila karatasi.

Sambamba na piano huja solfa, na hapa Mwafrika Mashariki aliyelelewa kwaya ana la kusahau. Kwetu "do" huhama kulingana na ufunguo wa wimbo. Kwa Warusi "do" ni C daima.

Tazama safari ya mpiga piano Emil Gilels. Alizaliwa Odessa mwaka 1916, na mwaka 1933, akiwa na miaka 16, alishinda shindano la taifa mjini Moscow. Hakukimbilia kumbi kubwa akaacha masomo. Alirudi kumalizia Odessa, kisha akaenda Moscow kwa mwalimu wa piano Heinrich Neuhaus. Mwaka 1936 alikuwa wa pili kwenye shindano la Vienna, na mwaka 1938 wa kwanza kwenye lile la Brussels. Marekani alifika kupiga mwaka 1955. Mwaka 1958 ndiye aliyeongoza majaji wa piano katika shindano la kwanza la Tchaikovsky mjini Moscow, lililochukuliwa na Mmarekani Van Cliburn, kijana wa miaka 23. Mwalimu wa Cliburn huko New York, Rosina Lhévinne, alikuwa amehitimu Moscow kwa medali ya dhahabu mwaka 1898. Mapokeo haya husafiri kwa mikono ya walimu, si kwa pasipoti. Leo hilo lina uzito wa pekee, maana mwaka 2022 shindano la Tchaikovsky liliondolewa kwenye shirikisho la dunia la mashindano ya muziki.

Ushindi hufungua mlango tu. Mialiko ikija, huja kwa mkupuo, na asiye na akiba ya tungo alizokwisha kujifunza huumbuka. Mimi napendekeza programu mbili za tamasha la mtu mmoja, za dakika 70 hadi 80 kila moja, na koncheto (tungo za piano na okestra) zisizopungua sita zilizoiva. Kuziivisha bila kuua vidole kuna njia ya Josef Hofmann, mwanafunzi wa Anton Rubinstein: jifunze kwenye piano ukiwa na karatasi, karatasi bila piano, kwenye piano bila karatasi, kisha bila chochote, kichwani tu. Hiyo ya nne inachosha kuliko zote, na ndiyo inayofichua mapema mahali kumbukumbu itakapokatikia jukwaani.

Mpiga fidla husafiri na chombo chake. Piano kubwa ina kilo 480 hivi, kwa hiyo utapiga ile utakayoikuta. Omba walau nusu saa nayo kabla ya mazoezi na okestra. Rudia noti moja upesi uone kama nyundo inawahi kurudi. Piga noti za chini kwa sauti ndogo kabisa, kwa sababu hapo ndipo vibonyezo visivyolingana hujionyesha. Bonyeza pedali ya kulia taratibu utafute mahali hasa vizuia sauti vinapoachana na nyuzi. Kisha mwombe mtu apige huku wewe umekaa safu ya mwisho, maana besi inayokuzidi masikio ukiwa kwenye kiti, kule nyuma inaweza isifike.