Jibini hiyo ilizaliwa mwezi gani?

"Kaka, nipe ile ya zamani kuliko zote."

Ndivyo wanavyoanza wageni wengi wa kwetu wakinikuta nyuma ya kaunta hapa Lyon, wakishagundua kwamba muuza jibini naye anaongea Kiswahili. Wafaransa wenyewe hawana nafuu. Wao huuliza kwa adabu zaidi, lakini swali ni lile lile: Comté hii ina miezi mingapi? Wakiona kibao kimoja kimeandikwa 12 na kingine 30, kidole kinakwenda kwenye 30, kwa sababu bei yake iko juu. Mimi huwa nakata vipande viwili vyembamba, nawapa waonje bila kusema kipi ni kipi. Mara nyingi wanarudi kuomba kile kichanga, halafu wanaona haya kidogo.

Comté inatoka milima ya Jura, mashariki ya Ufaransa, mpakani na Uswisi. Ni gurudumu la kilo 40 hivi, na gurudumu moja hunywa lita 400 za maziwa au zaidi. Hakuna mkulima mdogo ambaye angepata maziwa hayo peke yake kila siku, ndiyo maana tangu karne nyingi wanakijiji walikusanya maziwa yao mahali pamoja. Mpaka leo jibini inatengenezwa katika viwanda vidogo vya ushirika viitwavyo fruitière. Ng'ombe karibu wote ni wa aina ya Montbéliarde, wekundu wenye mabaka meupe. Sheria hairuhusu kuwalisha majani yaliyovundikwa. Kiangazi wanakula nyasi mbichi malishoni, na baridi ikiingia wanarudi zizini kula nyasi kavu.

Hapo ndipo siri ilipo. Maziwa ya Juni si maziwa ya Januari. Nyasi mbichi na maua yake hutoa jibini ya manjano kama siagi ya kienyeji, yenye harufu ya matunda na supu ya mboga. Nyasi kavu hutoa jibini nyeupe zaidi, rangi ya pembe za ndovu, tamu kwa upole, inayokumbusha karanga na maziwa yaliyochemka. Wateja wengi huiona ile nyeupe wakadhani ina kasoro. Binafsi, nikiambiwa nichague moja ya kula na mkate asubuhi, nachukua ya baridi.

Kwa hiyo idadi ya miezi ina faida, ila kama hesabu, si kama cheo. Ukiwa dukani mwezi wa Desemba na jibini ina miezi 18, rudi nyuma: ilizaliwa Juni, ng'ombe wakiwa malishoni. Ikiwa na miezi 12, ilizaliwa Desemba iliyopita, zizini. Muulize muuzaji kama ni maziwa ya kiangazi au ya baridi, été au hiver, uone atakavyoweka kisu chini na kuanza kukuhudumia kwa namna nyingine.

Sheria inataka siku 120 tu kabla ya kuuzwa. Baada ya hapo kazi ni ya watunzaji wa maghala. Ghala linalojulikana zaidi ni Fort Saint-Antoine, ngome ya jeshi iliyojengwa baada ya Ufaransa kushindwa na Waprusi mwaka 1871, ikafukiwa udongo juu ili mizinga isiipate. Vita havikufika, na mwaka 1966 mtunza jibini Marcel Petite akaigeuza ghala. Iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na ndani yake yamelala magurudumu yapatayo 100,000 juu ya mbao za msonobari. Ukiingia, pua inapigwa na harufu kali ya amonia. Usishtuke, ndiyo jibini inavyopumua. Mtunzaji hutembea na kifaa kidogo cha chuma chenye ncha mbili. Upande mmoja anagonga gurudumu kama mtu agongaye nazi akisikiliza maji, ajue kama ndani kuna ufa. Upande wa pili anachoma, anatoa kijiti cha jibini kama kalamu ya chaki, ananusa, anavunja kipande akionje, kisha anakirudisha kilichobaki kwenye tundu lake na kuziba kwa kidole. Baadaye jibini hupewa alama juu ya 20. Ikipata 14 na zaidi inavishwa mkanda wa kijani. Kati ya 12 na 14, mkanda wa kahawia. Chini ya hapo haiitwi Comté tena.

Maziwa yake ni mabichi, hayachemshwi kuua vijidudu. Nalisema hili kwa sababu Louis Pasteur, mwanasayansi aliyebuni njia ya kuua vijidudu kwa joto, ambaye jina lake limebandikwa kwenye pakiti za maziwa duniani kote, alizaliwa Dole mwaka 1822 na kukulia Arbois, katikati ya Jura. Mvinyo aliutafiti sana huko kwao. Jibini ya kwao imemponyoka. Na kwa wanaoniuliza kuhusu halali: kigandishi cha Comté kinatoka tumboni mwa ndama, kwa hiyo ni vizuri ujue kabla ya kununua, uamue mwenyewe.

Sasa, kuna kitu kimoja Jura ambacho umri wake hauna mjadala, nacho ni mvinyo wa njano, vin jaune. Unatokana na zabibu nyeupe ziitwazo Savagnin. Mvinyo wa kawaida ukiwekwa kwenye pipa hupungua, na mwenyewe huongezea ili hewa isiingie. Huu hauongezewi. Hamira hupanda juu na kufanya utando, kama ule wa maziwa yaliyopoa, na chini ya utando huo mvinyo unakaa mpaka tarehe 15 Desemba ya mwaka wa sita baada ya mavuno. Katika kila lita iliyoingia, wanasema zinabaki sentilita 62, na ndiyo maana chupa yake fupi ya mabega mapana, clavelin, ina ujazo huo huo. Kijiji cha Château-Chalon, juu ya jabali lake, kina masharti makali zaidi: mwaka mbaya wakulima wanaacha kabisa kuupa mvinyo jina la kijiji. Walifanya hivyo 1974, 1980, 1984 na 2001.

Mara ya kwanza kupewa niufungue, nilikuwa kijana wa mezani kwenye mgahawa mmoja. Nikanusa: kokwa, mchuzi wa binzari, tufaha lililosinyaa. Nikasema huu umeharibika, nikaumimina wote kwenye sinki. Mkuu wangu hakupiga kelele. Alinionyesha tu bei kwenye orodha, nami nikahesabu siku za mshahara wangu.

Mvinyo huu usiuweke kwenye friji mpaka chupa igandishe mikono. Nyuzi 14 mpaka 16 zinatosha, na ufungue saa kadhaa kabla. Chupa ikishafunguliwa inadumu wiki nyingi, kwa hiyo usijilazimishe kuimaliza. Kipande cha Comté pembeni kitolewe kwenye friji saa moja kabla, na ukate kwa urefu toka katikati kwenda ganda, ili kila mtu apate moyo na pembeni. Kukata ile ncha ya katikati na kujichukulia peke yako, hapa ni kama kudokoa minofu ya kuku kabla wazee hawajanawa.

Na kuku, tena, ndiye mlo wenyewe: kuku kwa mvinyo wa njano na uyoga wa morille. Uyoga mkavu unalowekwa, maji yake yanachujwa mchanga na kuhifadhiwa. Morille haziliwi mbichi hata kidogo, zina sumu mpaka ziive. Kuku anakaangwa kwa siagi hadi apate rangi, unamwagia mvinyo, unatia uyoga na maji yake, moto mdogo, malai mwishoni. Asiyetumia mvinyo aongeze maji ya uyoga na tone la ndimu. Si mlo ule ule, lakini hautamwonea haya mgeni.

Kufika si kazi. Treni ya kutoka Lyon kwenda Besançon inasimama Lons-le-Saunier na Arbois, na Poligny, mji wa Comté, uko kilomita kumi hivi kutoka Arbois. Ngome ni mbali kidogo, inataka gari na nafasi iliyowekwa mapema. Kiwandani nenda asubuhi, kabla ya saa tatu, wakati jibini changa inapotolewa kwenye masufuria makubwa ya shaba. Saa tano utakuta watu wanasafisha sakafu tu. Vaa viatu usivyojali kulowa.