Mpakwa mafuta wa Bwana: maana yake, na kwa nini "Msiwaguse" si kinga ya kiongozi

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, hasa yale yaliyoanzishwa na mtu mmoja na kukua kwa kasi, "mpakwa mafuta" ni jina la kiongozi. Mchungaji huitwa hivyo, na mtume, nabii, askofu, hata baba wa kiroho anayeishi mji mwingine. Jina lenyewe halina ubaya, limo kwenye Biblia. Shida huanza linapounganishwa na Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu," maneno ambayo yanarudiwa katika 1 Nyakati 16:22. Masihi ni mtu aliyepakwa mafuta. Basi muumini anajijumlishia mwenyewe: mchungaji wangu amepakwa mafuta, Mungu amekataza asiguswe, na kumhoji ni kumgusa.

Tazama mstari huo unavyofanya kazi. Kikao cha wazee kinakaa baada ya ibada. Mama mmoja wa kamati ya ujenzi anauliza risiti za mabati, kwa sababu michango ilikamilika tangu kabla ya Pasaka na watu bado wanasali chini ya turubai. Hajamwita mtu mwizi, ameuliza risiti tu. Mweka hazina hajafungua hata daftari, sauti inatoka upande wa pili kwa upole kabisa: "Mama, tuchunge ndimi zetu, huyu ni mpakwa mafuta wa Bwana." Kikao kinanyamaza, ajenda inasogezwa mbele. Jumapili inayofuata mahubiri ni ya Miriamu aliyepigwa ukoma kwa kumsema Musa, na kila aliyekuwapo kikaoni anajua anayehubiriwa ni nani.

Hilo ndilo tatizo la uongozi wa kanisa linaloniumiza kuliko mengine, kwa sababu limefungamana na namna tunavyosoma Neno. Kiongozi asiyetaka kuhojiwa hupatikana popote, kwenye siasa hata kwenye vikoba. Lakini kanisani anaweza kupewa Biblia yenyewe aifanye ukuta, na wanaomjengea ukuta huo ni waumini wanaompenda Mungu kwa dhati na wanaogopa kumkosea.

Basi tuusome mstari mahali pake. Zaburi 105 inasimulia jinsi Mungu alivyolitunza agano lake na Abrahamu, Isaka na Yakobo. Mstari wa 12 na wa 13 unaeleza walivyokuwa wakati huo: watu wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa hata taifa. Hawana jeshi wala ardhi ya kwao. Mstari wa 14 unasema Mungu "hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao." Halafu ndipo inakuja "Msiwaguse masihi wangu." Wanaoambiwa wasiguse ni wafalme. Wanaolindwa ni familia ya wafugaji wasio na mtu wa kuwatetea. Katika matumizi ya leo mambo yamepinduliwa: mwenye kipaza sauti, walinzi na akaunti ya benki ndiye anayelindwa dhidi ya mama wa kamati ya ujenzi.

Tena zaburi inagusia matukio ambayo Mwanzo imeyaeleza kwa kirefu. Abrahamu anafika Gerari, anaogopa, anasema Sara ni dada yake. Mfalme Abimeleki anamchukua Sara. Mungu anamtokea Abimeleki katika ndoto, anamwonya, na kumwambia kwamba mume wa mwanamke huyo ni nabii (Mwanzo 20:7). Katika sura ya 26, mfalme wa jina hilohilo anatangaza kwamba mtu atakayemgusa Isaka au mke wake atakufa. Kwa hiyo "kugusa" katika habari hizi ni kumnyang'anya mtu mke, kumdhuru, kumwua. Kuuliza swali hakumo.

Na hapa kuna jambo ambalo sijalisikia likihubiriwa mara nyingi. Asubuhi baada ya ile ndoto, Abimeleki anamwita Abrahamu na kumhoji. Umetutenda nini? Nimekukosa nini hata ukaleta dhambi kubwa juu yangu na juu ya ufalme wangu? Anamwambia wazi kwamba amefanya lisilofaa kufanywa. Abrahamu hamjibu kwamba yeye ni nabii asiyehojiwa. Anajieleza: niliogopa, nilidhani hapa hakuna kumcha Mungu, nilihofia mtaniua kwa ajili ya mke wangu. Farao naye alimuuliza maswali ya namna hiyo katika sura ya 12. Masihi yuleyule ambaye zaburi inasema asiguswe alihojiwa na watu wasio wa agano, na Mungu hakumwadhibu aliyeuliza. Abrahamu alikuwa amesema uongo, au tuseme nusu ya kweli, na swali lilikuwa la haki.

Katika Agano la Kale waliopakwa mafuta walikuwa makuhani, kama Haruni na wanawe, na wafalme, kama Sauli na Daudi waliopakwa na Samweli. Eliya aliagizwa kumpaka Elisha awe nabii badala yake (1 Wafalme 19:16). Isaya 45:1 inamwita masihi hata Koreshi, mfalme wa Uajemi, mtu ambaye Mungu anasema hakumjua yeye. Mafuta yalimaanisha kwamba mtu ametengwa kwa kazi. Hayakuwa cheti cha tabia njema. Sauli alipakwa, na ufalme wake ulikataliwa. Daudi alipakwa, na alipomchukua mke wa Uria na kupanga Uria auawe, nabii Nathani alikuja mpaka mbele yake akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Wanaotetea kinga ya kiongozi hukimbilia kisa cha Daudi na Sauli aliyekuwa akimwinda, katika pango la En-gedi (1 Samweli 24). Daudi alikataa kumwua Sauli kwa sababu ni masihi wa Bwana, hata moyo ukamchoma kwa kukata upindo wa vazi lake. Ni kweli, na ni somo kubwa kuhusu kisasi. Ila endelea kusoma. Daudi anatoka pangoni, anamwita Sauli mbele ya askari wake, anamwonyesha kile kipande cha nguo na kumwuliza kwa nini anasikiliza maneno ya watu wanaomsingizia. Anamwomba Bwana aamue kati yao. Mkono wake haukumgusa Sauli, lakini ukweli wote aliusema mchana kweupe. Na baada ya hapo hakurudi jumbani kukaa karibu na mkuki wa Sauli.

Kisa cha Kora aliyeinuka kumpinga Musa (Hesabu 16) nacho hutajwa sana, na mtu anayeuliza hesabu huambiwa ana roho ya Kora. Kora alitaka ukuhani ambao hakupewa, hakuwa anauliza matumizi ya sadaka. Lakini kinachonigusa zaidi ni maneno ya Musa siku hiyo. Katika mstari wa 15 anamwambia Bwana kwamba hakuchukua kwao hata punda mmoja, wala hakumdhuru mtu yeyote kati yao. Samweli alifanya zaidi. Katika 1 Samweli 12, akiwa mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya Israeli yote akawataka washuhudie mbele za Bwana na mbele ya mfalme aliyepakwa mafuta: nimetwaa ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nani nimemdhulumu? Nimepokea rushwa kwa nani? Na akaahidi kurudisha. Huyo ndiye mpakaji wa wafalme wawili, naye aliomba mwenyewe akaguliwe.

Agano Jipya linabadilisha jambo jingine kubwa. Kristo ndiye Mpakwa Mafuta; katika sinagogi la Nazareti alisoma maneno ya Isaya kwamba Roho wa Bwana amemtia mafuta awahubiri maskini habari njema. Na mafuta hayo yanashuka kwa nani? Yohana anawaandikia waumini wa kawaida, si wazee peke yao, kwamba wamepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu (1 Yohana 2:20), na anayasema hayo akiwaonya juu ya walimu wanaotaka kuwapoteza. Yaani upako wa muumini unatajwa kama uwezo wa kumpima mwalimu. Yule mama wa risiti naye amepakwa mafuta. Kama "Msiwaguse" ni ya watu wa Agano Jipya, basi yeye wa kwanza asidhuriwe.

Kukosa ukaguzi wa namna hiyo kumetugharimu maisha ya watu. Tarehe 1 Februari 2020, katika ibada kwenye uwanja mmoja wa Moshi, watu walisukumana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyotajwa kuwa ya upako. Watu 20 walikufa. Ukisoma Kutoka 30 unakuta mafuta ya kupaka yalichanganywa kwa manemane, mdalasini, kane, kida na mafuta ya zeituni, kwa vipimo, kwa ajili ya hema na makuhani tu, na aliyetengeneza mfano wake kwa matumizi mengine alitakiwa kukatiliwa mbali na watu wake. Yakobo 5:14 inaagiza mgonjwa awaite wazee, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Hapo wazee ndio wanaokwenda kwa mgonjwa, wala hakuna anayekimbia.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kiongozi wa kundi hilo alikana mashtaka, na uamuzi ni wa mahakama. Ninachosema ni kuhusu wasikilizaji. Biblia ina habari nyingi za kufunga na haina hata mstari mmoja unaowaambia wazazi wawanyime watoto chakula hadi wafe. Ilitosha mtu mmoja kufungua kitabu na kuuliza, "Imeandikwa wapi?" na akasikilizwa. Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimfanyia Paulo hivyo, wakayachunguza maandiko kila siku waone kama aliyosema ndivyo yalivyo, na Matendo 17:11 inawaita waungwana kwa sababu hiyo.

Sisemi kila mchungaji ni wa kushukiwa. Wengi wanahudumu kwa posho isiyofika mwisho wa mwezi, wanazika watu wetu, wanaamka usiku kwenda hospitali. Waebrania 13:17 inatutaka tuwatii wanaotuongoza, na mstari huohuo unasema wao watatoa hesabu. Umbea wa kwenye makundi ya WhatsApp si uwajibikaji. Mtu anayesambaza sauti iliyorekodiwa kwa siri bila kumuuliza mhusika anatenda dhambi yake mwenyewe.

Njia ya Biblia imeandikwa wazi katika 1 Timotheo 5:19-20, na nusu ya kwanza inamlinda kiongozi: usipokee mashitaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu. Nusu ya pili inamlinda kondoo: wadumuo katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Watu hupenda kunukuu nusu inayowafaa. Paulo mwenyewe alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia (Wagalatia 2:11), na Petro hakuwa mhubiri wa pembeni. Kuhusu fedha, Paulo alipokuwa akikusanya mchango wa kupeleka Yerusalemu, alitaka mchango huo usindikizwe na ndugu waliochaguliwa na makanisa, mtu asije akawalaumu, akieleza kwamba anajali yaliyo mema si mbele za Bwana tu bali na mbele ya wanadamu (2 Wakorintho 8:20-21). Mtume aliyeandika nyaraka nyingi za Agano Jipya hakutaka kubeba mfuko peke yake.

Makanisa ya zamani, kama Katoliki, Anglikana na KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), yana ngazi za kumwajibisha kiongozi, na hata huko zinafanya kazi pale tu watu wanapozitumia. Katika kanisa la mwanzilishi mmoja ngazi hizo mara nyingi ziko kwenye karatasi tu: mke ni mweka hazina, shemeji ni katibu, na wazee wameteuliwa na yule wanayetakiwa kumkagua. Lakini hata kanisa la namna hiyo, likisajiliwa, linakuwa na katiba na viongozi waliotajwa. Tanzania katiba hiyo huwasilishwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na kama kanisa lina bodi ya wadhamini waliosajiliwa, usajili huo uko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Muumini anayetaka kujua kiwanja cha kanisa kimeandikwa kwa jina la nani, au nani anatia saini benki, aanze kwa kuomba kuisoma katiba. Aende na wenzake wawili, kwa heshima, mchana, na swali lao wawe wameliandika.