Kwa nini udongo ulio chini ya mfuko wa rambo hubaki mkavu hata mvua ikinyesha?

Lima shamba la pembezoni mwa mji, lile lililowekwa mboji ya jalalani, na hutamaliza tuta la pili kabla jembe halijanasa mfuko wa rambo. Usiung'oe haraka. Fukua pembeni yake uone: juu ya mfuko udongo umelowa tepetepe, chini yake ni mkavu unaopukutika kama unga, ingawa mvua ilinyesha jana. Na mzizi wa mahindi uliofika hapo umekata kona, ukaanza kutambaa kando.

Udongo mzuri haujashindiliwa. Karibu nusu ya ujazo wake ni vinafasi ambamo maji hushuka na hewa huifuata mizizi. Mfuko ukilala humo, njia zote hizo zinazibwa.

Hilo ni rahisi kuliona. Kazi ipo plastiki inapochakaa. Haiozi kama jani la mgomba. Jua huikausha, jembe huikatakata, hadi vinabaki vipande visivyofika milimita 5, vingine havionekani kwa macho. Kiroba cha mbolea kilichoachwa juani msimu mzima, ukikigusa tu kinakuachia nyuzi mkononi.

Nyuzi ndizo zenye vituko. Watafiti wa Berlin walichanganya nyuzi za poliesta (plastiki ya kutengenezea nguo) na udongo, na matokeo yao yaliyochapishwa 2018 yalionyesha udongo umekuwa mwepesi na unashika maji mengi zaidi. Utadhani ni neema! Kumbe vibonge vidogo vya udongo, vile vinavyoshikwa pamoja na nyuzinyuzi za kuvu na ute wa bakteria, vilisambaratika kirahisi ndani ya maji. Udongo wa hivyo ukiwa mteremkoni, mvua huusomba upesi.

Nyungunyungu nao wanaguswa. Katika majaribio ya Uholanzi ya 2016, waliowekewa majani yenye plastiki nyingi (nyingi kweli, kupita ya shamba la kawaida) walikua polepole na kufa zaidi. Tena chembe hizo huzishusha wenyewe hadi chini ya mashimo yao.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ila iliyokwisha kufukiwa iko palepale, na viriba vya miche vinaendelea kuingia shambani. Anayepanda mparachichi bila kuchana kiriba, kwa uvivu tu, akija kuung'oa mti uliodumaa atakuta mizizi imejizungusha ndani kwa ndani, imechukua umbo la kiriba chenyewe.