Ukipandikizwa Mimba, Kitanda Si Dawa

Malalamiko yanayotufikia kliniki ya kupandikiza mimba hapa Dodoma yanafanana: "Nimeahirishiwa mzunguko na hela nimeshalipa." Mzunguko ni awamu moja ya matibabu: sindano za kukuza mayai, kuyavuna, kuyarutubisha maabara, kisha kupandikiza. Ukifungua jalada, uzito haujashuka kama tulivyokubaliana, au mama amekunywa dawa za kusafisha kizazi kimyakimya. Kizazi hakisafishwi kwa majani, na baadhi ya dawa hizo huumiza ini na figo.

Kuahirisha si adhabu. Uzito hupimwa kila hudhurio, bila viatu, ukaandikwa pamoja na urefu. Uwiano wa uzito na urefu (BMI) ukifika 30 tunaomba muda, kwa kuwa mwili mzito mara nyingi hudai sindano nyingi zaidi, na usingizi wa dawa siku ya kuvuna mayai huwa na hatari zaidi. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito kunaweza kurudisha upevukaji wa mayai.

Chakula kipo sokoni: ugali wa uwele, mlenda wa karanga, kunde, dagaa, matunda. Soda ziache. Kahawa isizidi vikombe viwili kwa siku. Mvinyo acha kabisa, hata huu wa zabibu zetu. Udongo nao uache, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Vitamini ya foliki asidi ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kupandikizwa. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, dozi yake ni kubwa zaidi na huandikwa na daktari.

Kabla ya sindano, tembea nusu saa kwa siku. Zikianza, ovari (vifuko vya mayai) huvimba na zinaweza kujisokota. Hapo hakuna kukimbia, kuruka kamba, kutwanga wala kubeba ndoo kichwani. Ndugu wa nyumbani, maji yachoteni ninyi.

Baada ya kupandikizwa, jamani, kiinitete (mimba changa iliyowekwa kizazini) hakidondoki ukisimama, ukienda haja au ukipanda bajaji. Kulala wiki mbili hakuongezi nafasi ya mimba, bali huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Mama wakwe, tafadhali, mwacheni atembee taratibu na apike chai yake.

Tumbo likijaa ghafla, uzito ukipanda kilo moja kwa siku, mkojo ukipungua au pumzi ikibana, njoo siku hiyohiyo, hata usiku. Usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.