Rangi nzito haiui kutu

Wengi huona mlango wa chuma umeota kutu, wakanunua rangi ya mafuta na kuipaka juu kwa juu, wakiamini kutu ikishafunikwa imekufa. Haijafa. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni kwa msaada wa maji, na huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Unyevu ukipenya kwenye kijitundu kidogo tu, kutu huendelea kuvimba chini kwa chini na kuisukuma rangi. Tazama sehemu ya chini ya mlango, karibu na kizingiti: utaona malengelenge. Yabonyeze kwa ukucha, unga wa kahawia utamwagika.

Kazi yenyewe iko kwenye maandalizi. Kwangua kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80 mpaka chuma king'ae. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haina haja ya kubanduliwa yote (hapa watu hujitesa bure). Ipige msasa laini tu ipoteze mng'ao, ili rangi mpya ipate pa kushikilia. Lakini kama mlango ni wa zamani sana, rangi yake huenda ina risasi (madini ya sumu): lowesha kwanza, usipige msasa mkavu. Futa vumbi na mafuta, acha pakauke, halafu paka praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana chuma kitupu huanza kuota kutu upesi.

Rangi ya juu ipakwe mikono miwili, yaani matabaka mawili, membamba. Mkono mmoja mzito huchuruzika, na hukauka juu huku ndani bado ni mbichi.